Uzi wa Kwenda Milimani

Mwaka ule wa 2017 nilikuwa na kicheko kisichokuwa na adabu. Nilicheka nikikata kitambaa, nikipiga pasi, hata nikiwa nimebana pini mdomoni, jambo ambalo fundi yeyote wa nguo atakuambia ni hatari. Dada yangu mkubwa, anayeishi Brussels, alikuwa amenunua gari, na alikuwa amesema tutalipanda sisi wawili tu, kutoka Ubelgiji mpaka kwenye maziwa ya Italia, kwa barabara za milimani, bila haraka. Viza yangu ilikuwa imeshatoka.

Hatukuwa tumeonana tangu alipoolewa akaondoka Bukavu, mimi nikiwa bado mtoto wa shule na soksi zimeshuka. Baadaye vita vilinisukuma kusini mpaka nikatua Johannesburg, hapa Yeoville, nikafungua ushonaji. Miaka yote hiyo tulikuwa sauti tu kwenye simu. Sasa nilitaka kitu kimoja: kukaa kando yake kwenye kiti cha mbele, kutwa nzima, yeye na mimi, bila mtu mwingine.

Duka nililigawana na msusi mmoja Mrundi, yeye upande wa vioo, mimi upande wa meza ya kukatia. Ramani ya Ulaya nilichapishiwa vipande vipande na jirani mwenye kompyuta, nikaiunga kwa gundi, nikaitandaza mezani juu ya suti ya bwana harusi ambayo ilibidi ingoje. Mimi sijui kupanga kitu bila kukipima. Nikachomeka pini Brussels, nikafunga uzi mwekundu, nikaupitisha Luxembourg, nikaushusha Strasbourg, nikavuka Uswisi, nikaingia Italia. Halafu nikaunyoosha kwenye futi yangu, nikapiga hesabu, nikampigia dada kumtangazia kwamba safari ni fupi sana, tukitoka alfajiri tutakula cha mchana Italia.

Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

“Weye unapima mulima kama suruali,” alisema. “Ile barabara inazunguka, inapanda, inashuka. Hakuna pahali inanyooka.”

Kwa hiyo nikaulegeza uzi, nikaukunja marinda pale penye milima, pini baada ya pini, na kazi hiyo ikawa tamu kuliko ya kwanza. Kila rinda lilikuwa siku nyingine pamoja naye. Wateja walikuja kuchukua nguo zao wakaondoka na habari za Uswisi.

“Na wewe si umetoka Bukavu?” msusi aliniuliza, mikono yake ikiwa ndani ya kichwa cha mtu. “Milima yote ile, na ziwa liko chini yake. Unaenda kutafuta nini kwa wazungu?”

“Naenda kuikagua,” nilimjibu. “Nione kama ya kwao imeshonwa vizuri.”

Huyo huyo ndiye aliyenipeleka kufanya mazoezi. Dada alikuwa ameniambia tutapokezana usukani, na kule magari hupita kulia, kama kwetu Kongo. Lakini mimi udereva nilijifunzia Johannesburg, ambako hupita kushoto. Basi Jumamosi moja tukachukua pikapu kuukuu ya mume wake, tukaenda kwenye uwanja mtupu wa kanisa kule La Rochelle, mtaa mwingine wa Johannesburg, nikazunguka kulia, kulia, kulia, naye akipiga makofi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipotoka uwanjani nikaendelea kushika upande wa kulia mpaka kwenye roboti, taa za barabarani tunazoziita hivyo hapa, nikajikuta uso kwa uso na teksi iliyojaa watu. Dereva alishusha kioo akaniuliza kama nimekunywa.

“Hapana, baba,” nikamwambia. “Nafanya mazoezi ya Ulaya.”

“Eish,” akasema, akarudi nyuma kunipisha.

Kisha ndugu wakaanza. Nani aliivujisha habari sikujua. Mama mdogo wetu aliyeko Stuttgart alinitumia ujumbe wa sauti: “Nimesikia munapita huku. Nimeshatandika vitanda.” Na kwetu huwezi kupita karibu na mji wa ndugu bila kuingia kwake. Ukiingia huwezi kutoka hujala. Ukingoja chakula kiive, giza limeshaingia, basi umelala. Nikachomeka pini Stuttgart. Siku chache baadaye akaja binamu wa Lille. Halafu mjomba wa shemeji, mume wa dada, anayeishi Rotterdam, akasema atahuzunika sana tusipofika, ingawa Rotterdam iko upande ambao hatukuwa na safari nao kabisa.

Uzi ni ule ule. Ukiuvuta juu, chini unapungua. Nilipomaliza kuwaridhisha wote, Italia ilikuwa imetoka, na Uswisi imebaki kipande cha kona. Nilikuwa nimepanga safari ya kula wali kwenye sebule za watu. Msusi alikuja kuangalia, akatikisa kichwa, akarudi kwenye vioo vyake.

Nami bado ningevumilia. Lakini mama mdogo akatuma ujumbe mwingine kwamba gari lina viti vitano, vitatu vinakwenda bure, kwa hiyo yeye ataungana nasi tukitoka kwake. Atakaa mbele, kwa sababu ya magoti.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Jumapili ile nilitoka kanisani nikiwa bado na gauni la kwaya, nikapiga simu Brussels nikiwa nimesimama kando ya barabara.

“Mwambie mama mdogo hapana,” nilisema. “Wewe ndiye mkubwa. Na nataka kujua nani aliwapigia tarumbeta watu hawa.”

Nikamsikia dada akifunga mlango.

“Njo mimi niliwaambia,” alikiri.

“Wote?”

“Wote. Yule wa Rotterdam hakukuwa na habari. Nilimutafuta.”

Nilifoka mpaka wauza ndizi wakageuka. Nilimuuliza kama ananitaka au hanitaki. Nilimuuliza kwa nini alinipa maneno ya sisi wawili tu, akaniacha nikienda kichaa na pini. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

“Nilikuacha mutoto,” alisema. “Sasa uko mama muzima, fundi, unaongea Kizulu na watu siwajue. Kwa simu tukikosa cha kusema, tunasema réseau imekatika. Sasa mule ndani ya gari, siku muzima, nitasema nini?”

Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Mara ngapi nilisema mtandao umekatika, kumbe ulikuwa mzima kabisa. Hasira zikanitoka zote kwa pamoja, kicheko kikaja, na machozi kidogo. Nilimpenda saa ile kuliko nilivyowahi kumpenda.

“Yaya,” nikamwita, kama wadogo wanavyomwita dada mkubwa kwetu. “Waite wote kwako siku nitakayofika. Tutapika mimi na wewe, tutawasalimia wote kwa mara moja, mama mdogo tutamkalisha mbele kabisa. Kesho yake tunaondoka wawili.”

“Na tukikosa cha kusema?”

“Ndiyo maana nataka njia ya milima. Tukikosa cha kusema, tutaiangalia.”

Hakujibu. Nami sikuongeza neno. Tulikaa hivyo muda mrefu, simu ikiwa sikioni, magari yakinipita kushoto, na hakuna aliyesema mtandao umekatika.