Nungunungu Arudi Koboko

Mimi siwezi kusimulia habari hii kwa upole, kwa hiyo mnivumilie. Zamani, kabla hatujawa na bendi yetu, Koboko, huku kwetu West Nile, kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akitoa santuri zake mwenyewe. Katikati ya kila santuri palikuwa na karatasi ya manjano yenye picha ya nungunungu, na watu, tangu Arua mpaka Kuluba, hawakuuliza kabisa jina la mwimbaji. Walisema tu, "Weka Nungunungu." Sisi watoto wa Omugo tulikuwa tukiapiana kwamba sindano ya gramafoni ni mwiba wa mnyama yule yule.

Halafu Nungunungu akafa. Mashine ya mzee iliharibika, baa za Arua zikataka magitaa ya Kongo peke yake, na mzee akafunga kazi ya muziki akawa anauza chumvi na sabuni. Ilipofika mwaka 1974, hata hiyo chumvi na sabuni ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Labda ndiyo maana watu walikuwa wakiyalilia ya zamani namna ile. Tulipiga muziki kwenye harusi, tulipiga kwenye baa, na mwisho wa yote lazima mtu aje kuniambia, "Umeimba vizuri, lakini Nungunungu, ile ndiyo ilikuwa nyimbo!" Loo, nilichoka! Unaimba mpaka mishipa ya shingo inasimama, mtu anakuja kukusifia santuri ya mwingine.

Tulikuwa watatu. Kaka yangu alipiga adungu, kile kinubi chetu chenye shingo iliyopinda. Gitaa alipiga Mkongo mmoja aliyehamia Arua kuuza betri za tochi na redio, mtu wa kanisa, mpole, asiyejua kukasirika. Mimi niliimba, na hasira za wote watatu nilizibeba mimi. Siku moja huyu Mkongo akaweka gitaa chini akasema, "Kama batu banalilia Nungunungu, tubaamushie Nungunungu."

Kaka alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua maana yake ni kwenda kupita tena mbele ya soko la Koboko.

Yule mzee hakuwa akitoa wimbo ovyo. Kwanza aliurekodi kwenye tepu. Kisha siku ya soko aliweka mashine barazani kwake, akafungulia kipaza sauti bila kutangaza lolote, akakaa kwenye kigoda akiwatazama wanawake wanaouza. Wakiinuka kucheza, tepu inasafiri mpaka Nairobi kufanywa santuri. Wasipoinuka, anaifuta palepale, na hakuna wa kumlilia.

Nilipokuwa msichana nilimwimbia mbele ya mashine ile, peke yangu ndani ya duka lake, kwa sababu nje mvua ilikuwa ikinyesha. Siku ya soko nikasimama nyuma ya magunia ya muhogo, nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka barazani, na wanawake wakaendelea kuchambua maharagwe. Hata mmoja hakutikisa bega! Mzee akaniambia, "Binti, wamama hapana amka," akafuta. Nilirudi Omugo nikilia kwa hasira. Tangu hapo nilitaka kitu kimoja: sauti yangu ikae kwenye santuri yenye nungunungu. Niliolewa, nikazaa, nikawa mtu mzima anayeheshimika, na bado nilikitaka.

Basi tukaenda Koboko. Mzee alikuwa amezeeka, lakini alitukaribisha vizuri, akatuletea chai isiyo na sukari akiomba radhi. Kaka alipomaliza kueleza, mzee aliingia ndani akatoka na chapa ya chuma iliyofungwa kwa kitambaa, ile iliyokuwa ikichapa picha ya nungunungu kwenye karatasi. Nilitaka kuishika, akairudisha mapajani.

"Baba, tunaomba utuachie hii," nikasema.

"Chapa iko," akasema. "Lakini sheria iko ile ile. Mulete tepu, soko nasikia. Soko ikisema ndiyo, munachukua. Ikikataa, nabaki na mimi mpaka nakufa."

Hakuonyesha kama ananikumbuka, na mimi sikumkumbusha.

Nilikuwa na wimbo nilioutunga mwenyewe masika ya mwaka ule ule, wa bibi harusi anayewaambia wakwe zake wasimharakishe. Tulitaka uwe safi kuliko nyimbo zote zilizowahi kutoka West Nile. Mkongo alipata mashine ya tepu upande wa kwao, na betri alikuwa nazo. Tukaomba ukumbi pale Arua, tukaziba madirisha kwa mablanketi, tukamfukuza kila mtu. Tulivua viatu. Kaka alikuwa na njuga zake za mguuni, nikamwamuru azivue, zisije zikaitikisa mashine. Mtu akikohoa, tunaanza upya. Tuliposikiliza tepu tulikumbatiana, maana haikuwa na hata kelele ya inzi.

Njiani, kwenye kizuizi, askari alitaka kujua mashine ile inasema nini. Tukamwekea. Alisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu, kisha akatuambia tupite. Angalau angegonga buti chini mara moja! Lakini sisi tulikuwa tumelewa furaha, tukapita tukimwona hana masikio.

Siku ya soko tukaunga mashine yetu na kipaza sauti cha mzee, naye akafungulia. Sauti yangu ikatoka nzuri, wallahi, nzuri mpaka nikajionea wivu. Wanawake wakainua vichwa wakasikiliza kwa adabu. Mmoja akasema, "Huyu naimba mzuri sana." Kisha akainama akaendelea kupima karanga zake. Wimbo ukaisha. Hakuna aliyeinuka.

"Iko safi," mzee akasema. "Lakini nani nacheza?"

Kaka akauliza kama tunaweza kujaribu tena, mzee akasema soko halihami, akaturudishia tepu bila kuifuta. Nilipanda lori la kurudi Arua nikiwatukana wanawake wa Koboko mmoja mmoja, nikitukana na maharagwe yao na karanga zao. Kaka aliposema pengine tuache, nilimwambia aache yeye kama amechoka kuwa kaka yangu, na wala sikuangalia kama maneno yale yana kichwa au miguu.

Siku chache baadaye nilikuwa uani kwangu natwanga muhogo mkavu. Mkongo alikuwa amekuja na gramafoni yake, ameweka santuri moja ya zamani ya Nungunungu, imekwaruzwa lakini inaimba. Nilikuwa natwanga huku bado nanung'unika. Kisha akaiondoa akawasha tepu yetu kwenye ile mashine yake, tusikilize tulipokosea. Mkono wangu ukapotea. Nikainua mchi, nisijue niushushe wapi.

"Ebo! Simamisha! Rudisha ile ya zamani."

Akarudisha, na mchi ukashuka wenyewe. Niliuacha kinuni nikaenda kuweka sikio kwenye gramafoni. Chini ya wimbo, chini ya adungu na sauti, kulikuwa na miguu. Watu wengi, miguu mitupu juu ya ardhi ngumu, na njuga zikijibu. Nyimbo zile nilizijua tangu utoto, na miguu ile nilikuwa sijaisikia hata siku moja, kwa sababu kila mara nami nilikuwa nikicheza. Mzee yule alikuwa akirekodi nje, uani, watu wakicheza kabisa, isipokuwa siku yangu ile ya mvua. Na sisi wajanja wa Arua tumevua viatu, tumevua njuga, tumefukuza watu! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye unga.

Tukaenda Omugo, nyumbani kwa mama. Ua wake ulifagiliwa kila siku, ardhi imeshindiliwa mpaka inalia ukiipiga kisigino. Mashine tuliiweka juu ya godoro, na godoro juu ya magunia ya muhogo, isiruke. Kaka akafunga njuga. Majirani hatukuwaita. Walisikia adungu wakaja wenyewe, wengine na majembe begani. Mama aliyekuwa akilalamika magoti kutwa nzima aliingia katikati akakanyaga kama anazima moto. Jogoo akawika katikati ya ubeti wa pili, Mkongo akanitazama akiuliza kwa macho kama tuanze upya. Nikatikisa kichwa nikaendelea kuimba.

Tukarudi Koboko. Mzee akatia tepu kwenye mashine yetu, akakaa kwenye kigoda. Mimi nilishika nguzo ya baraza. Nilijiambia wakinikataa safari hii nitaacha kuimba, na nilikuwa sifanyi mzaha.

Miguu ya Omugo ilitangulia, ukaja mlio wa njuga, kisha adungu, na mimi nikaingia mwishoni. Kulikuwa na mama mmoja mnene, mtu wa Ludara, muuza simsim, yaani ufuta, ana ungo kichwani. Alisimama. Akautua ungo chini bila kuangalia anautua wapi, akajishika kiuno, akaanza. Jirani yake akaacha mteja na noti mkononi. Wakaja wauza maharagwe, wauza vyungu, na mwanamke mmoja akacheza na mtoto mgongoni amelala fofofo. Vumbi likapanda mpaka barazani. Wimbo ulipoisha wakampigia mzee kelele aurudie, akaurudia, wakacheza tena toka mwanzo. Nilipiga vigelegele kwa wimbo wangu mwenyewe, sikuona haya, na leo pia sioni.

Yule mama wa Ludara akapanda barazani akihema, akamnyooshea mzee kidole.

"Wewe mzee mubaya! Miaka yote hii nafichia sisi hii nyimbo! Hii mimi nacheza siku ya ndoa yangu, hapa hapa Koboko, na bwana yangu, Mungu amurehemu!"

Kaka akafungua mdomo kumweleza kwamba wimbo ule hauna hata mwaka mmoja. Nilimkanyaga. Mzee akafungua kitambaa, akachukua chapa ya nungunungu akaniwekea mikononi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri.

"Huyu mama nasema na wewe, binti," akaniambia. "Jibu mama."

Mama alikuwa bado anahema, jasho na machozi vimechanganyika usoni. Akanishika mkono.

"Bwana yangu alikuwa najua kucheza," akasema.

"Nilimwona, mama," nikamwambia.