Taa Iliyofutwa Mara Tano

Kwa miaka ishirini na tisa aliyoendesha magari ya ofisi, hakuwahi kuendelea na safari taa nyekundu ikiwa imewaka kwenye dashibodi. Ikiwaka, alisimama hapo hapo, awe amembeba mkurugenzi au amebeba makaratasi. Wenzake walimwita Kanuni kwa kumtania, naye akalipokea jina hilo kama cheo. Kanuni yake aliivunja baada ya kustaafu, ndani ya gari lake mwenyewe, na aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma ni mkewe.

Gari hilo lilitumia mafuta na umeme. Alilinunua kwa kiinua mgongo chake baada ya figo za mkewe kushindwa kazi. Hospitali yenye mashine za kusafisha damu ilikuwa ng'ambo ya mlima, nao walitakiwa kufika huko mara tatu kwa wiki. Muuzaji aligonga paa la gari kwa kiganja. "Hili halinywi, mzee. Linaramba tu." Hakudanganya. Mafuta ambayo gari la ofisi lilimaliza kwa wiki, hili lilienda nayo karibu mwezi, na Kanuni alimsimulia kila aliyekubali kusikiliza. Ila muuzaji hakusema kwamba chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na betri kubwa inayopumua kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti, na kwamba betri hiyo huzeeka. Kanuni naye hakuuliza. Aliuliza bei ya gari na ulaji wa mafuta, akaona amemaliza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kwa kuwa alisafiri amejinyoosha kiti kizima, alikishonea kiti hicho vitambaa vya bluu vyenye marinda yaliyoshuka hadi sakafuni. Vilipendeza. Viliziba tundu lote.

Mwaka wa pili taa iliwaka. Siku hiyo Kanuni alikuwa peke yake, anatoka duka la dawa. Alisimama hapo hapo, gari likavutwa hadi kwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke kijana asiyepepesa maneno. Fundi alichomeka mashine yake ya kupimia, akasoma, kisha akainua marinda.

"Baba, gari mmelivisha gauni? Hapa ndipo linapopumulia! Betri imeungua kwa joto. Seli mbili hazina kitu."

"Mpya ni kiasi gani?"

Alipotajiwa, aliomba atajiwe tena.

"Ulidhani kwa kuwa halinywi, basi na kula halili?" fundi alisema. "Hili hula siku moja tu, lakini siku hiyo hulamba na sufuria."

"Nifutie taa."

"Kuifuta si kazi. Lakini taa haiumwi, baba. Inayoumwa ni betri."

"Nifutie tu, mwanangu. Keshokutwa nampeleka mama yako hospitali."

Taa ikafutwa kwa kubonyeza kitufe. Kanuni akarudi nyumbani na dashibodi safi.

Vile vitambaa alivivua, akavikunja, akavificha kwenye buti. Mkewe aliviona siku iliyofuata.

"Baba Mapacha, vitambaa vyangu vimekukosea nini?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Alimwogopea. Zamani, walipokuwa wakienda kwa basi, mkewe aliwahi kupunguza siku za mashine kimyakimya ili kuokoa nauli, hadi akabebwa akitafuta pumzi. Akisikia kwamba safari zake zimelimaliza gari, angerudia. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikuuhalalisha uongo.

"Vinateleza," alisema.

"Kumbe ni hivyo tu! Ungeniambia."

Mama Mapacha akatia mpira kwenye kingo na kuvirudisha mwenyewe, akavivuta vikakaza kuliko mwanzo. Kanuni alisimama barazani na kikombe cha chai mkononi, akimtazama akilifunga lile tundu barabara.

Taa ikarudi. Ikafutwa. Ikarudi tena. Kuanzia hapo aliendesha kwa masikio. Feni ya betri ilianza kuvuma nyuma ya kiti kama nyuki waliochokozwa, naye akawa anapandisha sauti ya redio. Alama ya chaji ilijaa ghafla na kuporomoka ghafla. Mara ya tano fundi alisema, "Sasa naona aibu kukupokea," naye Kanuni akamwita mwanangu mara tatu zaidi ya kawaida.

Asubuhi moja ya joto kali, wakiwa chini ya mlima, taa iliwaka. Palikuwa na uwanja mpana kando ya barabara, mahali pazuri pa kusimama. Mkewe alikuwa amesinzia, miguu imevimba. Kanuni alivua kofia yake, akaiweka juu ya dashibodi ili taa isionekane, akakanyaga mafuta.

Katikati ya mlima gari likalegea. Akakanyaga hadi mwisho. Injini ikalia bila kuvuta. Nyuma yao lori lilikuwa linapanda, limesheheni mbao, likipiga honi mfululizo.

"Baba Mapacha, mbona tunarudi nyuma?"

Alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Lori likakwepa kwa upana wa kiganja, likasimama mbele. Kofia ilikuwa imeanguka.

"Hiyo taa imewaka tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Tangu mwezi wa tatu."

"Huu ni wa saba."

Harufu ya plastiki iliyoungua ilipanda kutoka chini ya kiti. Kanuni alimtoa mkewe nje akimkumbatia, kisha akarudi kuvirarua vitambaa vya bluu kwa kucha. Tundu likaonekana, limejaa nyuzi na vumbi. Dereva wa lori, aliyekuja na mawe ya kuzuia magurudumu, alichungulia akasema, "Aliyeziba hapa ni adui yenu."

Mama Mapacha alilitazama tundu, akazitazama nyuzi zake. "Kumbe ni mimi?"

Kanuni angeweza kunyamaza tena; kwa miezi minne alikuwa amelizoea hilo.

"Si wewe. Mimi niliambiwa, nikakuficha. Ulipovirudisha nilikuwa nakutazama."

Mkewe aliketi juu ya jiwe, akipumua kwa shida, kwa saa tatu na nusu, hadi gari la kuwachukua lilipopatikana. Walipofika hospitalini, mashine yake alikuwa amepewa mgonjwa mwingine, na kesho yake maji yalikuwa yameshaingia kwenye mapafu.

Betri mpya ilikula akiba yote ya mafuta ya miaka miwili, na nyingine kama hiyo juu yake. Mama Mapacha alilazwa siku tisa, mbili kati ya hizo akipumulia mashine. Alipona. Siku hizi huenda hospitali kwa gari la jirani, na Kanuni hufuata nyuma peke yake, kwa sababu mkewe amekataa kupanda gari analoliendesha yeye.