Kuku Waliobeba Miguu ya Watu

Chini ya kitanda chetu hapa Awindiri, mjini Arua, kuna boksi la sabuni, na ndani yake kuna kuku mwenye mguu uliofungwa kwa vijiti. Leo ni siku ya kumi na tisa. Asubuhi nilipoinama kumwekea maji, harufu ya mafuta ya mbarika ilinipanda puani, na papo hapo nikawa tena mtoto wa miaka tisa kule kijijini Lurujo, nimechuchumaa ndani ya nyumba ya bibi, nasikia kucha zikikwaruza sakafu ya udongo. Wewe uliyelelewa na bibi unajua jinsi harufu inavyoweza kumrudisha mtu bila kumwomba ruhusa.

Mume wangu amechoka na kuku huyu, na simlaumu. Yeye mwenyewe anatembea kwa magongo tangu pikipiki ya boda ilipoteleza naye kwenye njia ya Koboko. Hospitali wamesema mfupa wake unachelewa kuunga, na akirudi tena hali ikiwa ileile, watampasua. Majirani wote wanamshauri anywe supu ya kuku wa kienyeji. Basi leo, kabla hajaenda shuleni kufundisha sayansi yake, alisema bila kupandisha sauti kwamba jioni anataka hiyo supu, na kwamba kuku tunaye, anakula bure chini ya kitanda. Miaka sita ya ndoa, na hajawahi kunitazama vile.

Kwa hiyo nimekaa jikoni na kisu mapajani, na badala ya kuchinja namuwaza bibi.

Bibi alikuwa akiunga mifupa. Watu waliletwa kwake kutoka Koboko mjini, hata kutoka Congo, ng'ambo ya mpaka, wamekalishwa kwenye keria ya baiskeli huku wakiuma vitambaa wasipige kelele. Alikuwa na mabua ya mtama yaliyokatwa sawasawa, vipande vya shuka kuukuu na chupa ya mafuta ya mbarika. Ila kabla hajaugusa mguu wa mgonjwa, ilibidi ndugu zake walete kuku. Bibi alitugeuzia mgongo, akamshika kuku, na tukasikia mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu. Kisha akamfunga kuku palepale alipovunjika mtu, upande uleule. Kuku alilazwa chini ya kitanda cha mgonjwa. Siku aliyosimama kwa mguu ule, mgonjwa naye aliambiwa asimame.

Nao walisimama. Sikwambii uamini, nakwambia nilichokiona.

Sharti lilikuwa moja tu. Kuku aliyembeba mtu haliwi wala hauzwi, anaachwa afe siku yake ikifika. Wagonjwa walipona wakaenda zao, kuku wao wakabaki, na boma letu likajaa viwete. Mimi nilifagia mavi yao kila asubuhi, nikawatwangia mtama, kisha ndipo nikaenda kuanika muhogo kwenye mwamba. Mchana, jua likiwa kali na watu wako mashambani, nilijilaza kwenye mkeka na kufumba macho. Kila kuku alikuwa na mchechemeo wake. Nilijua huyu aliyepita ni mwalimu, yule ni mshona nguo, na yule mwenye hatua nzito ni mama wa samaki wakavu wa sokoni. Walipita nje ya mlango mmoja mmoja, na wakati mwingine nywele zilinisimama, maana wenyewe walikuwa mbali na miguu yao ilikuwa hapa. Mmoja, mweupe, aliyeburuta mguu wa kushoto, sikuwahi kuambiwa ni wa nani.

Babu alikuwa askari wa zamani. Alirudi kutoka uhamishoni na mguu mbovu, bibi akamuunga kama wengine bila kumwonyesha kuku wake ni yupi, lakini hilo halikumfanya awapende kuku. Alikuwa akilalamika msikitini, akilalamika sokoni, akilalamika hata kwa wapita njia: "Kwa nyumba yangu kuku iko na kitanda, mimi iko na mkeka." Watu walicheka. Bibi hakucheka. Kuna miezi walikuwa hawasemezani, na mimi ndiye niliyebeba maneno kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, kama karani.

Siku moja bibi akiwa matangani, mgeni alitokea ghafla kutoka Arua, mwenzake babu wa jeshini. Hebu fikiria aibu. Mgeni amekaa kwenye kiti, kuku zaidi ya ishirini wanapita mbele ya macho yake, na mwenye nyumba hana cha kumpa ila majani ya kunde. Babu alivumilia kidogo, kisha akaniita, akanionyesha yule mweupe kwa kidevu. Nilijua haifai. Nilimkamata hivyo hivyo, kwa sababu babu alikuwa babu, na kwa sababu, niseme ukweli, nilitamani nyama. Nilimpika kwa karanga za kusaga. Nakumbuka utamu wake hadi leo, na sijawahi kuufurahia.

Bibi aliporudi, mgeni alikuwa ameshaondoka. Aliona manyoya meupe pembeni ya jikoni. Aliniuliza ni yupi, nikamjibu. Aliingia ndani, akaanza kukunja vipande vyake vya shuka, na babu, ambaye alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, akaanza kuhangaika mlangoni.

"Mama," alisema mwishowe, "ile ilikuwa ya mutu gani?"

"Kitu imekwisha, Mzee. Nawa mikono."

Hakusema zaidi, si siku ile wala siku zilizofuata. Ndipo babu alipoanza kuwatembelea waliowahi kuungwa. Alienda kwa mwalimu, akamkuta anaendesha baiskeli. Alienda sokoni, akamkuta mama wa samaki amejitwisha kapu, anatembea vizuri tu. Kila aliyemkuta mzima, babu alirudi nyumbani uso umemshuka zaidi, na mwanzoni sikuelewa. Kumbe alikuwa anahesabu. Kadiri aliowakuta wamepona walivyozidi, ndivyo waliobaki walivyopungua, na mwezi wa mfungo ulipofika hakuwa na mtu wa kumtembelea tena isipokuwa yeye mwenyewe.

Mchana mmoja nilikuwa kwenye mkeka, macho nimefumba. Nikasikia yule mweupe anapita. Hatua, mburuto. Hatua, mburuto. Haikuwezekana, maana manyoya yake nilikuwa nimeyachoma kwa mikono yangu. Nilipofumbua macho, alikuwa babu, anavuka ua na birika la udhu, anaburuta mguu wa kushoto.

Hakupona tena. Bibi alimkanda, alimfunga, hakuna kitu. Lakini jambo la ajabu ni kwamba nyumba ikatulia. Babu alianza kuwapa kuku maji kabla hajanywa yeye. Alijenga kibanda cha kuwakinga na mvua, aliwaondoa kupe, alimwita bibi kwa upole. Majirani walinong'ona kwamba amelishwa dawa. Bibi aliwaacha wanong'one. Wazee wale wawili walikaa jioni kwenye mkeka mmoja, wakimenya karanga bila kugombana, kuku wamewazunguka, na ukiniuliza nini maana ya ndoa ndiyo picha inayonijia. Babu alizikwa na mchechemeo wake.

Nilikuwa mwari nilipothubutu kumuuliza bibi yule mweupe alikuwa wa nani. Alikuwa anakatakata vitambaa, hakuinua macho.

"Ile nyeupe haikuwa ya mutu," alisema. "Mbwa ya jirani ndio ilivunja."

Nilimuuliza mbona basi hakumwambia babu, akamwacha mzee wa watu akiburuta mguu miaka yote ile. Alikata kitambaa kingine, kisha akasema: "Ningemwambia, angekula yote. Halafu nikaona sasa ananipenda. Kila siku nikasema nitamwambia kesho."

Bibi amekufa. Boma la Lurujo limeota nyasi, mwamba wa muhogo unapasuliwa kuwa kokoto, na watu wakivunjika wanapelekwa hospitali, jambo ambalo nalishukuru. Hakuna tena anayejua kuwafunga kuku. Niko mimi tu, na mimi nilitazama tu, sikufundishwa.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu. Mume wangu anajua kuku huyu aligongwa na boda langoni, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Hakugongwa na chochote. Nilimnunua sokoni, nikasubiri mume aende kliniki, nikayapa madirisha mgongo, na mlio ule mdogo nikausikia safari hii mikononi mwangu. Mguu wa kulia, chini ya goti, kama wake. Ninajua vizuri habari ya kuku mweupe. Ninajua kwamba hakuwa wa mtu. Nilivunja hata hivyo, kwa sababu ninaogopa kisu cha hospitali, na kwa sababu nampenda.

Nimeweka kisu chini. Nimemtuma dada wa jirani aninunulie kuku mwingine, nimempika huyo aliyeletwa kwa karanga, chumvi kidogo.

Mume wangu amerudi saa kumi na moja. Amechungulia chini ya kitanda, amekuja jikoni, ameegemeza magongo ukutani na kukaa mbele ya bakuli. Amekula mpaka nusu. Halafu kutoka chumbani tukasikia kucha kwenye boksi: hatua, kimya, hatua. Kuku amesimama. Mume wangu aliuweka mguu wake chini bila kufikiri, akaukazia kidogo, akashangaa kwamba hauumi. Kisha akatazama, si mguu wake wala sufuria, bali mimi.

"Mama Toto," alisema, "huyu kuku nani alimvunja?"

"Boda," nilisema, nikamwongezea supu.

Nitamwambia kesho.