Mizizi ya Rangi ya Kutu

Mwaka 1953, Eustadia wa Igunga alilima mpunga peke yake kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe. Wiki mbili baada ya kupandikiza miche, majani yakageuka manjano. Aling'oa shina moja jarubani, akakuta mizizi ina rangi ya kutu. Akaamini imeoza, akachukua jembe, akaanza kuubomoa ukingo unaozuia maji jarubani ili yatoke.

Tobias, bwana shamba, alikuwa akipita na baiskeli yake. "Shikamoo, mama. Mbona unabomoa?"

"Marahaba. Mpunga wangu unakufa, mwanangu. Tazama mizizi."

Tobias aliinusa, kisha akampa naye ainuse. "Ingekuwa imeoza, ingekuwa myeusi na kunuka yai viza. Hii inanuka tope tu. Mpunga huvuta hewa juu na kuishusha hadi mizizini. Chuma kilichomo kwenye tope kikikutana na hewa hiyo, hushika kutu. Na hizi ncha nyeupe ni mizizi mipya, ndiyo kwanza inaanza kula. Ukiyatoa maji, chakula kilichoyeyuka kitaondoka nayo."

"Na huo umanjano?"

"Miche iliumia ulipoing'oa kitaluni. Ipe siku kumi."

Eustadia aliuziba ukingo. Kila asubuhi alikwenda kutazama. Siku ya nane, majani mapya yalichomoza yakiwa kijani. Akaketi ukingoni, miguu ndani ya maji, akacheka peke yake kama mtu aliyepona homa.