Udongo Tuliourusha Mlimani

Mzee Wilibrodi wa hapa kijijini Daa amechimba matuta shambani miaka thelathini, akirusha udongo upande wa mlimani ili mvua isiuchukue. Wote tunalima hivyo. Mlima ulipoporomoka ukamfukia mkewe, Evarista, ndani ya nyumba, tulikwenda na majembe. Siku ya tatu tuliutoa mwili, tukazika, kisha tukaondoa tope lililobaki na kusimamisha nguzo za nyumba mpya. Hakuna aliyeona kwamba mikono yetu, kwa mazoea, ilirundika tope lote huko huko mlimani, juu ya nyumba.

Jumapili mvua ilirudi. Tope likashuka, likang'oa nguzo zote.

Leo tumekwenda tena. Mzee amekaa kwenye jiwe, ametupa mgongo.

"Rudini nyumbani, ndugu zangu," anasema. "Hata mimi nikishika jembe, nitarusha tope juu."