Simu ya Mzee Kitonga Isiyo na Picha

Kitonga hajui kutulia. Hata nyumbani kwake Makongeni, Thika, kiti hukikalia upande, tayari kuinuka. Mashine za kufuma nguo za Eneo la Viwanda zilimla masikio, na siku hizi husikia kwa simu. Anaitia mfukoni mwa shati, inadaka sauti, inaikuza na kumpelekea masikioni kwa waya. Mimi jirani yake ameshanifokea sana, lakini nampenda.

Wiki ya ntheo ya binti yake Wavinya, ile siku watu wa kijana anayemposa wanaleta mbuzi, simu ilianguka kioo kikafa. Wavinya akamletea nyingine ya kuchezea gemu, pana kama sinia.

"Hii ndiyo kali, baba. Picha haigandi."

Mzee akaanza kufanya mazoezi ya hotuba. Kila neno lilimrudia masikioni limechelewa kidogo, naye akajikwaa juu yake. "Wa-wageni wetu..." Akanyamaza. Akaanza upya, akanyamaza tena. Wavinya akashindwa kuvumilia.

"Baba, kama hutaki niolewe, sema tu!"

Mzee akafungua mdomo kujitetea, maneno yakagongana vilevile. Binti akatoka analia. Nilitamani kuitupa ile simu chooni.

Kesho yake nikampeleka kwa Obiero, fundi wa simu mjini Ruiru. Obiero akazipima simu zote mbili huku mzee akizunguka kaduka kazima.

"Mzee, ndani ya simu kuna wafanyakazi tofauti," akasema. "Prosesa ya picha ni kama mpishi wa harusi. Anataka sufuria ijae, halafu anaivisha chakula chote pamoja. Kwa picha na gemu iko poa. Prosesa ya ishara, ile ya sauti, ni mama wa chapati. Moja ikifika anageuza, anatoa, hangoji. Sasa hii mpya, app yake inapitisha sauti kwa ile ya picha ndio isafishe kelele. Lazima ikusanye kwanza. Ndio maana inachelewa, na ona vile inachemka."

"Na ile yangu?"

"Yako inatumia ya ishara, na iko fiti. Ni kioo tu, na kioo kitafika Monday."

Ntheo ilikuwa Jumamosi. Mzee akashika kichwa. Obiero akafikiri, akaunganisha kioo cha simu ya mteja mwingine, akafungua app, kisha akakichomoa.

"Haitaonyesha kitu, lakini itasikia. Chaji usijali, hiyo prosesa hainywi sana. Lakini usiizime, mzee. Ikizima, hakuna wa kuiwasha."

Jumamosi mzee alishinda ameshika mfuko wa shati. Aliyemkaribia na kikombe cha chai alifukuzwa. Hotuba ikapita bila kigugumizi. Ikabaki Wavinya kuulizwa mbele ya watu wote kama mbuzi wapokelewe.

Alikuwa ameinamisha kichwa, leso mdomoni. Akasema kitu. Nilikuwa karibu naye na sikuambulia hata neno.

"Ongea kwa sauti!" wajomba wakapaza. "Hatujasikia!"

Mzee akainuka. Mkono ulikuwa umeuachia mfuko, na macho yamejaa machozi.

"Mwacheni mtoto wangu," akasema. "Amekubali. Nimemsikia mimi."