Jicho la Korongo

Fumie Kuramochi alishona sare za shule mjini Kyoto maisha yake yote, na starehe yake ilikuwa kupanga foleni. Kila vuli, jumba la makumbusho lilipofungua maonyesho yake makubwa, yeye na mumewe Seiji walifunga matonge yao ya wali wakaenda kusimama nje pamoja na wazee wenzao. Hawakuwa wasomi wa sanaa, ila walijua wanachokipenda. Walichokipenda kuliko vyote kilikuwa mchoro wa wino wa korongo aliyesimama mvuani, mali ya hekalu moja la milimani. Mchoro huo ulikuwa mkongwe mno, haukuvumilia mwanga, kwa hiyo ukitolewa wiki chache hulazwa miaka.

Na kwa korongo huyo hawakuelewana hata siku moja. Seiji alisema amelala, jicho limefumba. Fumie alisema liko wazi, anavizia samaki. Kuhakikisha haikuwa rahisi, maana sheria ya mle ndani ni kwamba mstari wa mbele unatembea, na anayetaka kusimama arudi nyuma. Na ukirudi nyuma, jicho la korongo ni nukta tu. Hivyo walibishana njia nzima ya kurudi nyumbani, kila mmoja akishikilia lake.

Mara ya mwisho Seiji alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. "Si unaona," alisema, "amelala fofofo." Fumie alikuwa amechoka kusukuma, akamtolea uvivu: "Wewe tangu lini ukawa na macho?" Alisema kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Seiji akanyamaza hadi nyumbani, na mwaka mpya haukumkuta.

Neno lile lilimkaa Fumie kooni. Sasa macho yaliyokuwa yakifa ni yake mwenyewe, katikati kukiingia ukungu, na daktari hakumficha. Kila asubuhi alipomwekea Seiji wali kwenye madhabahu ya nyumbani ya kuwakumbuka wafu, alimzungumzisha. Alichokitaka kilikuwa kimoja: amwone korongo kabla giza halijafunga, alikute jicho limefumba, arudi amwambie mumewe kwamba alishinda.

Vuli hiyo korongo alitolewa tena. Fumie alijua fika kwamba nusu ya michoro hubadilishwa katikati ya maonyesho. Si mgeni wa mambo hayo. Ila miaka ile na Seiji korongo alitoka kipindi cha pili, naye akajiaminisha kwamba na safari hii ni hivyo hivyo. Maandishi madogo ya tangazo hakuyaona, na kumwomba binti yake Nahoko amsomee aliona ni kumsumbua.

Walipofika wawili hao kwenye kioo cha maonyesho, Nahoko akasimama.

"Mama, hapa pana picha ya matunda."

"Angalia vizuri. Korongo yuko mwishoni mwa ukuta."

"Ndiyo mwisho wenyewe huu."

Mlinzi aliwaambia kwa upole kwamba korongo aliondolewa Jumapili, kipindi cha kwanza kilipokwisha, na kwamba atapumzishwa kwa miaka kadhaa. Fumie aliinama kumshukuru. Nahoko akamshika kiwiko.

"Kwa nini hukuniuliza, mama? Ningeomba ruhusa kazini wiki iliyopita."

"Una kazi zako."

"Kazi zangu," Nahoko alisema. "Wewe na baba mngekufa na kiu kisimani, mradi msimsumbue mtu."

Dukani, karibu na mlango wa kutokea, kulikuwa na kitabu kinene cha maonyesho, chenye michoro yote, ya kwanza na ya pili. Seiji hakuwahi kuruhusu kitabu kama hicho kiingie nyumbani. Alisema ni kushiba harufu ya samaki. Nahoko alikifungua, akatafuta ukurasa, akauleta karibu na uso wake.

"Nikuangalilie?"

Fumie akasema, "Angalia."

Nahoko aliangalia kwa muda mrefu. Alijua mama yake anasubiri nini, na alijua pia kwamba mama huyo hajapenda kudanganywa tangu azaliwe.

"Liko wazi, mama. Wazi kabisa. Ulikuwa sahihi siku zote."

Fumie akalia palepale, bila kujificha, mbele ya watu wanaonunua kadi. Ushindi huo hakuutaka hata kidogo.

Jioni Nahoko alibaki kupika. Kutoka jikoni alimsikia mama yake akiwasha ubani, akigonga kengele ndogo ya madhabahu.

"Tumetoka kumwona," Fumie akasema. "Amelala fofofo, baba Nahoko. Mimi ndiye niliyekosa macho."

Nahoko alipunguza moto, akaendelea kukatakata vitunguu.